Mali ya Kiongozi ni Siri ya Nani?



Mwezi Juni mwaka 2019 watu wa Singida Mashariki walisikia redioni kwamba hawana tena mbunge. Tarehe 28 ya mwezi huo Spika wa wakati ule, Job Ndugai, alilitangazia Bunge kule Dodoma ya kuwa kiti cha Tundu Lissu ki wazi. Alitaja sababu mbili. Ya kwanza, kwamba mbunge huyo hakuhudhuria vikao wala hakumpa Spika habari ya mahali alipo. Ya pili, kwamba hakuwasilisha tamko la mali na madeni yake kama Katiba inavyoagiza.

Juu ya sababu ya kwanza kila mtu alikuwa na la kusema. Nchi nzima ilijua kwamba Lissu alipigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, akachukuliwa Nairobi, kisha Ubelgiji, na kwamba siku ile alikuwa bado huko Ulaya. Wengine walisema sheria ni sheria, hata kwa mgonjwa. Wengine walisema mtu aliye kitandani haandikiwi utoro. Tuliyasikia hayo sokoni, kwenye mabasi na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Bali juu ya sababu ya pili watu walinyamaza. Mzee mmoja wa parishi yetu, mkulima wa alizeti ambaye hapendi maneno mengi, ndiye peke yake aliyeuliza: "Hiyo fomu huandikwa nini ndani yake, na nani huisoma?" Tulitazamana. Palikuwa na walimu wawili pale, na mtumishi mmoja wa halmashauri aliyestaafu, na sisi tunaoandika kurasa hizi. Hakuna aliyejua vizuri.

Hatuandiki haya ili kumtetea mtu wala kumshitaki mtu. Jarida hili husomwa na watu wa vyama vyote, na Meza ya Bwana haina kadi ya chama. Shauri lile lilipelekwa Mahakama Kuu, nayo Septemba mwaka huohuo ikayakataa maombi. Nafasi ilikwisha kujazwa tangu Julai na mgombea aliyepita bila kupingwa. Hayo yamepita. Swali la mzee ndilo lililobaki, na tangu siku ile limetukaa rohoni kama mwiba wa mgunga katika kanyagio la mguu.

Basi tujibu kwanza nusu iliyo rahisi.

Katiba yetu, katika ibara ya 70, humtaka kila mbunge ampe Spika taarifa rasmi ya mali yake na ya mwenzi wake wa ndoa, na ibara inayofuata yasema asiyefanya hivyo kwa wakati atapoteza kiti. Zaidi ya hiyo ipo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Namba 13 ya mwaka 1995. Hiyo humtaka kiongozi atoe tamko kwa Kamishna wa Maadili ndani ya siku 30 baada ya kushika cheo, tena kila mwisho wa mwaka, tena anapoacha kazi. Hutaja mali na madeni yake, ya mkewe au mumewe, na ya watoto walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Wala msidhani ni mambo ya mawaziri tu. Diwani wa kata yetu, ambaye tunamjua kwa jina la utotoni na tulicheza naye mpira wa matambara, naye yumo katika sheria hiyo.

Wazee wetu watakumbuka kwamba mambo hayakuanza hivyo. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliweka masharti ya uongozi, na masharti yenyewe yalikuwa mafupi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa kifupi, aliambiwa asiwe nazo. Mwaka 1991 chama kilikutana Zanzibar kikalegeza, na kiongozi akaruhusiwa kuwa nazo. Miaka minne baadaye ikaja sheria tuliyoitaja, nayo yasema: uwe nazo, lakini useme. Hatusemi la 1967 lilikuwa jema kwa kila jambo. Wako waliolishika kwa moyo, na wako waliolizunguka. Walakini katika safari hiyo kutoka "usiwe nazo" mpaka "uwe nazo lakini useme", mtu mmoja alisahauliwa, naye ni yule anayesemwa kwamba mambo hayo yote yanafanyika kwa ajili yake. Kiongozi anasema. Lakini anasema kwa nani?

Hapo twafika kwenye nusu ya pili ya swali la mzee, nayo ndiyo nzito.

Tamko likipokewa huwekwa katika daftari, na daftari hutunzwa na Kamishna. Sheria haikumfungia mwananchi mlango kabisa. Yasema aweza kulikagua. Bali imeweka masharti: mwananchi awe kwanza amepeleka lalamiko juu ya kiongozi huyo, Kamishna aridhike kwamba lalamiko ni la kweli na la nia njema, ada ilipwe, na akisha kuona asiende kuyatangaza aliyoyaona. Tumelisoma jambo hili mara nyingi tukidhani labda tumelielewa vibaya. Ili uone, yakupasa kwanza ulalamike. Na ili ulalamike kwa haki, yakupasa kwanza uwe umeona.

Kwa Mkristo hii si taabu ya karatasi tu, ni taabu ya dhamiri. Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Sasa mwananchi mnyoofu, ambaye hana neno na mbunge wake ila ataka tu kujua, ataandika nini katika lalamiko lake? Akiandika kwamba anamshuku, atakuwa amemshuku mtu bila sababu. Akiandika kwamba hamshuku, hatafunguliwa daftari. Njia iliyobaki ni kwa mwenye kinyongo, maana yeye haoni shida kushitaki kabla ya kujua. Hivyo sheria, bila kukusudia, imemwachia mlango mchongezi na kumwacha mtu wa amani nje. Afadhali daftari lingekuwa wazi kwa wote. Hapo hata asiye na shuku angetazama, akarudi nyumbani akiwa hajamdhulumu mtu.

Tena kuna jambo la pili, nalo lilionekana wazi katika yale ya Singida Mashariki. Fomu ile ilikuwa na nguvu ya kuondoa mbunge aliyechaguliwa na watu. Lakini haikuwa na nguvu ya kuwapa watu haohao habari hata moja. Mpaka leo wapiga kura wa pale hawajaona tamko la mbunge yule kwa miaka aliyolitoa, wala la aliyemtangulia, wala la aliyemfuata, wala la mbunge yeyote wa mkoa huu kutoka Iramba mpaka Manyoni. Twauliza kwa unyenyekevu: kama fomu ni ya kuwalinda wananchi, mbona wao waliisikia mara moja tu, siku ilipowaondolea mtu wao? Kitu kilichofichwa kwa wote humtumikia yule tu mwenye ufunguo. Hatusemi mwenye ufunguo ni mbaya. Twasema kwamba hata akiwa malaika, sisi hatuwezi kujua.

Wakulima wetu wanalijua jambo hili kwa mfano mwingine. Wakati wa mavuno huja mnunuzi wa alizeti na mizani yake. Yuko anayeiweka mizani uso ukimwelekea yeye mwenyewe. Pengine ni mtu mwaminifu kuliko wote sokoni. Lakini mkulima anaondoka na fedha zake akiwa na moyo mzito, na hata alipopewa haki yake hakuipata furaha ya haki.

Sasa tusikie upande wa pili, maana tungekuwa wadanganyifu kama tungeandika kana kwamba haupo. Katika kamati yetu ya jarida wenyewe tumegawanyika, na ndugu mmoja alisema maneno ambayo hatukuweza kuyajibu mara moja. Alisema: "Ninyi mnataka mali ya mtu ibandikwe ukutani. Je, mmesahau tunaishi wapi?" Akatukumbusha mambo matatu. Kwamba mwenye mali ikijulikana huandamwa na ndugu, na kila mwenye ada ya shule au mgonjwa hospitalini hubisha hodi kwake. Kwamba wezi nao wana macho na husoma. Na kwamba husuda ni kitu kweli kati yetu, na watu wamepoteza amani, na wengine maisha, kwa sababu jirani alihesabu kilicho chao.

Maneno hayo yana uzito. Hata wazee wetu hawakupenda kuhesabiwa ng'ombe. Kwa Wanyaturu, na kwa Wagogo vilevile, ilikuwa desturi, na mahali pengine ingali, mtu kuweka ng'ombe wake kwa rafiki na kwa shemeji: watano hapa, wanane kule, majike wawili ng'ambo ya mbuga. Ilikuwa busara, maana ugonjwa ukiingia katika zizi moja hauwamalizi wote, na maskini naye anapata maziwa na mbolea. Lakini ilikuwa pia njia ya kufanya asijulikane tajiri ni nani. Ukipita mbele ya boma lake waona ng'ombe wanne wamekonda, kumbe ni mwenye mia.

Twakubali basi kwamba mtu wa kawaida ana haki ya kunyamaza juu ya mali yake. Mkulima wetu wa alizeti hana deni la kutueleza ana magunia mangapi. Lakini twamwomba ndugu yetu aangalie tofauti moja. Mkulima hakuja kutuomba tumkabidhi mali yetu. Kiongozi alikuja. Alisimama juu ya gari, akatuomba tumpe sauti ya kupitisha kodi, bajeti ya dawa, fedha za barabara ya kwetu ambayo kila masika hukatika. Aliyeomba kutunza cha wenzake amekubali kutazamwa mfukoni mwake, kama vile mchungaji wa kuajiriwa anavyokubali tajiri aje jioni ahesabu zizi. Hakulazimishwa kuomba kazi hiyo. Tena hakuna anayesema namba ya nyumba yake iandikwe, wala namba ya akaunti yake benki. Hayo yaweza kuzibwa, na wezi wasipate kitu. Yatosha kujua ana nini, kiasi gani, tangu lini, na anadaiwa na nani.

Juu ya husuda tuna neno moja zaidi. Husuda hukua gizani. Jirani asiyejua hubuni, na ya kubuni siku zote ni makubwa kuliko ya kweli. Wabunge wangapi wamesemwa hapa kwetu kwamba wana maghorofa Dar es Salaam, na pengine hawana hata kiwanja? Mwenye haki naye huumizwa na kabati lililofungwa.

Mtakumbuka neno "vijisenti", lililoingia katika mazungumzo yetu mwaka 2008. Mwezi Aprili mwaka ule gazeti la Uingereza liliandika kwamba waziri wetu mmoja, Andrew Chenge, alikuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey. Alipoulizwa akatumia neno hilo, kisha akajiuzulu uwaziri. Hakutiwa hatiani na mahakama kwa fedha zile, nasi hatuna neno la kuongeza juu yake. Jambo linalotusikitisha ni jingine. Sheria yetu ya matamko ilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na daftari lilikuwapo. Walakini Mtanzania alijua habari za waziri wake kwa kuletewa na gazeti la Waingereza, kama mtu anayeambiwa na mpita njia kwamba nyumbani kwake kuna moshi. Kama kiasi kile kilikuwa kimeandikwa katika tamko, basi uwazi ungemwokoa waziri na aibu. Na kama hakikuandikwa, uwazi ungetuonyesha mapema. Kwa vyovyote kufungwa kwa daftari hakukumfaa yeye wala sisi.

Nchi nyingine zimejaribu. Marekani, baada ya fedheha ya Watergate iliyomwondoa Rais Nixon mwaka 1974, ilipitisha sheria mwaka 1978 inayowataka viongozi na wagombea wa vyeo vya taifa watoe taarifa za mali na mapato, na raia aweza kuzisoma. Jirani zetu wa Uganda, katika sheria yao ya mwaka 2002, waliandika kwamba yaliyomo katika tamko la kiongozi ni habari ya umma, na mtu aweza kuiomba kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Hatudai kwamba Marekani hakuna wala rushwa, au kwamba Uganda wamekuwa watakatifu. Lakini anga halikuwaangukia.

Wala hapa kwetu si jambo lisilowahi kuonekana. Benjamin Mkapa alipoingia Ikulu mwaka 1995 alizitangaza mali zake na za mkewe mbele ya taifa, bila kusubiri mtu alalamike. Jambo hilo halikugeuka kuwa desturi. Lakini lilituonyesha kitu ambacho twaona kimesahauliwa: mwananchi ndiye aliyefungwa mdomo juu ya daftari, si kiongozi. Mbunge, diwani, au mwenyekiti wa halmashauri akitaka leo kuwasomea watu wake alichokiandika, aweza kusimama chini ya mbuyu akasoma.

Twalikumbuka lile la nabii Samweli katika mlango wa kumi na mbili wa kitabu chake cha kwanza. Alikuwa mzee, amemaliza kazi, na mfalme amekwisha kutiwa mafuta. Angeweza kurudi Rama kimya kimya. Badala yake aliwasimamisha watu wote, na mfalme mpya akiwapo, akawauliza alimnyang'anya nani ng'ombe, au punda, na alipokea rushwa mkononi mwa nani. Watu wakajibu kwamba hakuchukua kitu. Twaona aliuliza mbele ya wote, hakuwaita wazee wachache hemani. Tena kuna jambo chungu katika habari ile, ambalo wahubiri hulipita haraka. Wana wa Samweli walikuwa wapokea rushwa, na watu walijua. Baba aliyesimama mnyoofu mbele ya taifa alikuwa na doa ndani ya nyumba yake. Ndiyo maana tunaona sheria yetu ilifanya vema kutaja mke na watoto. Bali ilikoma hapo. Kwa desturi zetu mali haiishii kwa mke na mtoto wa miaka kumi na saba. Iko kwa shemeji, kwa mjomba, kwa mwana aliyekwisha kuoa. Ng'ombe wako ng'ambo ya mbuga. Ni nani atakayejua ni wa nani, ila majirani walio karibu? Na majirani ndio hawaruhusiwi kusoma. Kamishna na watumishi wake, hata wakiwa hodari namna gani, hawawezi kujua kwamba mashine ya kukamua mafuta iliyo kijijini kwetu kwa jina la fulani kwa kweli si ya fulani. Sisi tungejua siku ileile.

Mtume Paulo naye, alipobeba sadaka ya makanisa kwenda Yerusalemu, hakukubali kwenda peke yake. Alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na neno la kumlaumu. Hakuwa mwizi. Alijua tu kwamba fedha ya watu haitoshi kubebwa na mikono safi, lazima mikono hiyo ionekane.

Hapa, wapenzi wasomaji, ingetuwia raha kuweka kalamu chini, maana mpaka sasa tumekuwa tukiwasema wengine. Lakini kuna jambo la kwetu ambalo hatuna budi kulisema.

Miaka kadhaa iliyopita, wakati kanisa letu lilipokuwa limeezuliwa na upepo upande mmoja, alikuja mtu aliyekuwa akitafuta kura. Tulimkaribisha kwenye changizo, kwaya ikaimba jina lake, naye akatoa mabati ya upande wote. Tulipiga vigelegele. Akina mama walimfunga kitenge. Hakuna hata mmoja wetu, si mchungaji, si wazee wa kanisa, si sisi wa jarida, aliyejiuliza fedha ya mabati yale imetoka wapi, au amekopa kwa nani, au mwenye kumkopesha atataka nini baadaye. Alishinda. Na baada ya hapo, yalipotokea maneno juu ya fedha za mradi mmoja wa kata, watu walitutazama sisi wa kanisa tuseme neno. Tulinyamaza. Tulikuwa tumekaa chini ya mabati yake.

Nchi yetu iliwahi kuyaita mambo hayo takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu mgombea kukirimu watu, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikayafuta masharti hayo. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo mambo yamekatazwa katika karatasi. Katika mioyo yetu bado. Mgombea asiyetoa kitu tunamwita bahili. Mgombea maskini tunamcheka, tunasema amejishindwa mwenyewe atatuwezaje sisi. Twataka kiongozi awe na mali ya kutosha kutupa, tena twataka asiwe ameipata kwa njia mbaya, wala hatutaki kuuliza ameipataje kabla ya kuipokea. Je, mtu wa namna hiyo yuko? Na je, kama siku moja daftari litafunguliwa tukakuta humo yale mabati yetu, tutaweza kulisoma kwa macho makavu?

Ndugu yetu aliyetupinga kwenye kamati alisema hapo ndipo alipokubaliana nasi, ingawa si kwa yote. Alisema kwamba katika neno "mali na madeni", watu wote hukimbilia neno la kwanza, naye aona la pili ndilo kubwa. Mwenye mali nyingi aweza kuwa huru. Mwenye deni kubwa ana bwana. Mtu aliyekopa kwa wafanyabiashara ili agombee, akashinda, huenda kule Dodoma akiwa ameajiriwa na wawili: sisi tuliompa kura, na yule aliyempa mkopo. Yule wa mkopo anamjua mwajiriwa wake vizuri, na ana karatasi yenye sahihi. Sisi hatuna. Tena tamko hutolewa baada ya kushika cheo. Siku ya kupiga kura, siku ile tunayohitaji kujua kuliko siku zote, kabatini hakuna kitu hata kwa mwenye ufunguo, ikiwa mgombea ni mgeni katika uongozi.

Tuliona hatuwezi kuandika haya juu ya daftari la serikali huku la kwetu limefungwa. Basi tulipeleka ombi kwa halmashauri ya parishi kwamba hesabu za kila mwezi, mapato, matumizi na madeni, zibandikwe mlangoni mwa kanisa badala ya kusomwa haraka haraka mara moja kwa mwaka watu wakiwa wamesimama kutaka kwenda nyumbani. Pia kwamba zawadi yoyote kutoka kwa mtu anayetafuta kura iandikwe hapo, jina lake na kiasi chake. Mabishano yalikuwa marefu. Mtunza hazina wetu, mtu ambaye hakuna anayemshuku, aliona ni kama tumemshitaki, na ilimchukua mzee mmoja jioni nzima nyumbani kwake kumweleza kwamba sivyo. Tulijifunza humo ukumbini jinsi mbunge anavyoweza kujisikia. Halmashauri ilikubali hesabu. Jambo la zawadi za wagombea imeliahirisha, na baadhi ya wajumbe walisema wazi kwamba ukuta wa nyumba ya mchungaji bado haujakwisha.

Mzee wetu wa alizeti tulimpelekea jibu la swali lake, tukamweleza yote kama tulivyoyaeleza hapa. Alisikiliza akichambua mbegu kwenye ungo. Alipomaliza alisema safari ijayo mgombea yeyote akija kijijini atasimama amwulize mbele ya watu, tena ataanza na madeni, ng'ombe baadaye. Tumekubaliana naye kwamba siku hiyo tutakuja tukae karibu naye.